Mwanambuzi Aliyevishwa Ngozi

Same, Jumamosi

Mama Elisante, mke wangu,

Salamu kutoka huku kwenye vumbi na upepo. Leo mnadani nimemwona mbuzi aliyefiwa na mwanawe. Aliletewa mwanambuzi yatima anyonye, lakini kila akisogea anapigwa pembe. Basi mfugaji akamchuna yule aliyekufa, akamfunga yatima ile ngozi mgongoni. Mbuzi akanusa, akanusa tena, kisha akatulia akamnyonyesha.

Bwana mifugo wa serikali akaniambia, “Hana roho mbaya huyo. Akizaa tu, ubongo wake hushika harufu ya mwanawe, na upendo wote hufuata harufu hiyo.”

Nikamkumbuka mtoto wa marehemu dada yako, unayempa uji huku maziwa yako yakilowesha kanga. Nilikulaumu kwa kutomnyonyesha. Nisamehe.

Kile kishati cha Elisante ulichokificha sandukuni tangu tumzike, mvalishe mtoto huyo. Najua unaogopa harufu itapotea. Imeshaanza kupotea, mke wangu. Mimi pia hulifungua lile sanduku nikakinusa.

Mungu akushike mkono mpaka nirudi.

Baba Elisante