Kiti cha Pembeni

Mdogo wangu Bi Gia,

Nakusalimu kwa moyo wote, ingawa moyo wenyewe leo una mchanga ndani. Goti lako likoje? Shemeji bado anakohoa na kukataa kwenda hospitali? Mwambie nimesema ukaidi utamponza. Sisi huku wazima, ila mgongo wangu una kelele zake za kila siku. Anayeniandikia ni fundi cherehani wa mlango wa pili, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Nimemkataza kulainisha hata neno moja.

Mjukuu wetu hajambo. Nasema wetu, lakini unajua nani aliyemfuta kamasi. Bado anatengeneza meno ya bandia kule karakana, hata haya ninayokusagia ni kazi ya mikono yake. Basi unajua alivyohangaika na gari la mbio. Si la kwendea kazini, la kuchezea: Jumapili apite mbio katikati ya koni za barabarani zilizopangwa kwenye uwanja wa maegesho, wa kwanza awe aliyemaliza upesi bila kuziangusha, na siku uwanja wa mbio ukifunguliwa kwa kila mwenye gari, naye akazunguke. Yalibaki magari mawili. Moja jeupe, dogo, viti viwili tu. Jingine jeusi, zito, lina mngurumo wa kutisha na kiti cha nyuma.

Mimi nilitaka jeusi. Wiki mbili nilimwimbia wimbo huo, akacheka, akaniambia bibi, gari la mbio halichaguliwi kwa makochi. Kisha jioni anajifungia chumbani na simu, anakupigia wewe. Nasikia mlangoni: breki, tairi, uzito, Bi Gia hivi, Bi Gia vile. Kisa wewe uliendesha lori la mchanga, mimi nikabaki na masufuria. Akitoka uso unang'aa, mimi ananiuliza kama chai ipo. Chai! Niliimimina mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Tena nilimsikia akikuahidi kwamba siku ya kwanza ya koni utakaa pembeni yake umwelekeze. Kwenye gari la viti viwili, mimi ningekaa wapi? Kwenye buti?

Ile siku ulipopiga yeye yuko bafuni, ukaniachia ujumbe nimfikishie, nikakuitikia vizuri kabisa. Kesho yake akarudi nyumbani na jeusi.

Jumapili nikavaa viatu vyangu vya kutokea, nikajipakia nyuma kama mke wa waziri. Msimamizi akaja, akaniteremsha kama gunia. Alisema gari likiingia kwenye koni, nyuma hakai mtu. Anaruhusiwa mmoja tu, pembeni ya dereva, na hapo alishakaa mkufunzi wao kwa kuwa wewe goti lilikukatalia. Nikasimama kwenye uzio na mkoba wangu. Jeusi likanguruma, likafika kona ya kwanza, likanyooka na safari zake. Koni zikaruka kama kuku waliofukuzwa. Breki zikanuka, watu wakacheka.

Mkufunzi akamwambia wazi kwamba gari lile si la mchezo ule. Unajua mtoto alijibu nini? Alisema Bi Gia aliyelichagua hakosei, kwa hiyo ubovu uko kwenye mikono yake mwenyewe. Tangu hapo helmeti iko juu ya kabati. Wewe hakupigii kwa aibu. Anasema anaacha, hakuumbiwa usukani.

Sasa sikia, na usinikatize. Uliniambia achukue jeupe, ni jepesi, linakata kona. Jeusi pua yake nzito haitageuka. Mimi nikamwambia Bi Gia amesema jeusi. Na kinachoniuma si uongo peke yake. Maneno yale yale aliyoyacheka wiki mbili, nilipoyavisha jina lako aliyakubali hata maji hajajifuta.

Juzi nilimweleza ukweli mezani. Akanikumbatia, akasema bibi, unanifariji tu. Umeona? Hata nikitubu sisadikiwi mpaka wewe upige muhuri! Muuzaji yuko tayari kubadilishana, jeupe bado analo. Mpigie mjukuu wangu umwambie mikono yake haina kasoro. Mimi sikukupigia kwa sababu ungecheka, nami ningekukatia simu, tungeanza ugomvi na mtoto angebaki vile vile.

Nisamehe au nuna, lakini mpigie. Jeupe likija, kiti cha pembeni ni chako, nimekuachia.

Ila goti likikusumbua siku hiyo, usijilazimishe. Helmeti nimeijaribu mbele ya kioo. Inanienea.

Shemeji mpe salamu, na dawa ya kikohozi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuonea wivu,
Mkubwa wako