Mkono wa Kushoto Umezidi Inchi Moja

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii. Hujambo? Umeniandikia kwamba goti linakusumbua. Je, limetulia, au bado linatabiri mvua? Na wanao hawajambo? Mimi mwili haujambo. Nakula, nalala, nagombana na majirani kama kawaida yangu. Usininunie kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako ipo hapa mezani tangu sijui lini, na hilo la sijui lini ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ulisikia kwamba niliunguza meza kwa pasi. Basi baada ya hapo nilikwenda zahanati. Nesi, binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alinipima presha, akanipima masikio, akaniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu kwamba kama yeye aliyeajiriwa hajui, mimi mstaafu nitajuaje. Alicheka, lakini aliandika kitu. Akanishauri nitembee kila asubuhi, nipunguze chumvi, nilale vya kutosha, nisijifungie ndani peke yangu, na kila siku niupe ubongo kazi. Alisema kusahau kidogo kunampata kila mzee, ila nikiona kunazidi nimwambie mapema, nisifiche.

Kazi ya ubongo niliichagua mwenyewe. Unajua nilivyofundishwa cherehani: fundi wangu alikataza kabisa kuandika vipimo, akisema anayeandika ni karani, fundi humweka mteja kichwani. Miaka arobaini sikuandika hata inchi moja. Kwa hiyo kila asubuhi baada ya chai nikawa nakaa na daftari, namkumbuka mteja mmoja, naandika vipimo vyake. Mwalimu wa hesabu, kiuno thelathini na nane, anavuta pumzi akipimwa. Mama wa duka la viatu, mabega kumi na sita. Walikuja wote, mmoja mmoja, kama waliokuwa wakinisubiri kwenye foleni. Nilijisifu mpaka nikaona haya.

Kisha vikaja vipimo visivyo na mtu. Mabega kumi na nane, kifua arobaini na mbili, kola kumi na sita, mkono wa kulia ishirini na nne, mkono wa kushoto ishirini na tano. Nilimtafuta kichwani huyo ambaye mkono wake wa kushoto umezidi inchi moja, wapi! Kesho yake niliketi nimkumbuke mkunga, lakini kalamu ikaandika vilevile. Siku ya tatu vilevile. Nilipofungua kurasa za nyuma nikavikuta tena, kurasa kumi na moja nzima, kwa mwandiko wangu, na sikumbuki kuandika hata moja. Nywele zilinisimama.

Nikajikaza kisabuni. Nilijiambia kwamba labda nikimshonea nitamjua. Nikakata kitambaa cha kijivu, nikashona shati, nikalipeleka kabatini chumbani kwangu. Ajabu, kabati lilikuwa limejaa mashati ya kiume. Niliyatandaza kitandani nikayapima moja moja. Yote mkono wa kushoto umezidi inchi moja. Yote yana mshono wangu wa mara mbili chini ya kwapa, ule uliokuwa ukiucheka wewe, ukisema nashona magunia.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Humu ndani kuna mzee. Asubuhi namkuta jikoni, na anajua sukari ilipo. Ananiuliza nimelalaje. Ananishika mkono tunakwenda kutembea, na watu wote njiani wanamsalimu kwa heshima. Mimi namwitikia, nacheka anapocheka, kwa kuwa naogopa nikimuuliza yeye ni nani, naye ataniuliza mimi ni nani. Mara nilidhani ni mpangaji. Mara nilidhani ametumwa na zahanati. Siku nyingine, Mungu anisamehe, nilidhani ni mwizi mpole.

Mchana ule wa shati alikuwa amesinzia kwenye benchi barazani. Nikachukua futi yangu ya kupimia, nikamnyatia. Mabega, kumi na nane. Mkono wa kulia, ishirini na nne. Wa kushoto niliupima mara tatu, na mara zote tatu ulikuwa ishirini na tano. Mdogo wangu, nilikaa sakafuni nikalia. Ni shemeji yako. Ni mume wangu niliyeishi naye miaka thelathini na sita, na nilikuwa namtazama kama abiria mwenzangu. Hata baada ya kujua, uso wake haukunirudia. Ni futi tu iliyoniambia.

Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeficha vya kutosha. Kila asubuhi namkuta mgeni. Kila asubuhi nafungua daftari, namwambia nataka kumshonea shati, nampima, ndipo namwita mume wangu. Nilijiona mjanja kweli. Jana niliingia jikoni, sijatamka neno, futi bado imo mfukoni, nikamkuta amesimama kando ya meza, ameinua mikono yote miwili, ananisubiri. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimpima, nikamwita mume wangu.

Kesho ananipeleka kwa nesi, na nimemwahidi kwamba nitasema yote. Lakini na wewe njoo, tafadhali, usingoje goti lipone. Picha yetu ya ukutani ina wasichana wawili. Leo nimesimama mbele yake mpaka miguu ikaniuma, na sijui yupi ni mimi. Vipimo vyako lakini ninavyo: mabega kumi na nne na nusu, la kulia limeshuka kidogo. Ukifika usianze kunililia shingoni. Simama mlangoni, inua mikono, uniache nikupime.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na uwabusu wajukuu. Shemeji yako naye anakusalimu sana, na ndiye atakayeandika anwani yako juu ya bahasha.

Ni mimi dada yako,
Fundi.
Mabega kumi na tano, kiuno thelathini na nne. Nimejipima leo asubuhi.