Diwani Mnono na Wanawake Wanaolala Mchana

Baba Shani,

Barua hii sikuitia kwenye bahasha. Nimempa dereva wa lori la alizeti ikiwa imekunjwa tu, nikamwambia yeyote atakayetaka kuisoma njiani aisome, kuanzia hapa Iguguno hadi huko porini kwako. Simu zangu hupokei. Basi habari zikufikie kwa midomo ya watu, maana wengi wao wana ng'ombe kama wewe na wana wake majumbani.

Juzi dada yako, wifi Halima, alinipigia. Alianza na salamu ndefu kama kawaida yake, mvua, mahindi, mguu wa mama, nami nikajua kuna jambo. Mwishowe akasema, "Wifi, huyu Rehema naye analala. Anakaa kupepeta mtama, ungo unamdondoka mkononi. Usiku ndiyo anazunguka uani. Kaka anasema yeye bahati yake ni wavivu tu, anangoja mavuno yaishe amrudishe kwao." Binti wa watu bado mbichi, na kosa lake pekee ni kukubali kuolewa na wewe.

Ni kwa ajili yake nakuandikia. Kwa ajili yako nisingepoteza wino.

Unakumbuka tulivyohama Mtinko? Mvua zilikuwa zimetutupa, malisho yamekwisha, ukasema tushuke kusini mpaka pembezoni mwa pori, ambako nyasi hazina mwenyewe. Nilikwenda naimba, sikatai. Nilikupenda. Ulitangulia mbele ya ng'ombe na fimbo mabegani, na tukifika kwenye kisima ulinichotea maji mimi kwanza ndipo ukanywa wewe. Kulikuwa na mtu ndani yako wakati ule. Hata mbung'o tulipowaona mara ya kwanza tuliwacheka, wale inzi wakubwa wanaolaza mabawa kama mkasi uliofungwa, wanaong'ata hata juu ya nguo. Ulimuua mmoja shingoni kwangu ukanionyesha damu kwenye kiganja chako, ukasema, "Huyu kesha kula chakula cha jioni." Tulicheka sana siku ile.

Kisha akakua dume mmoja kundini mwako. Shingo ikajaa, ngozi ikang'aa, ukampa jina la Diwani, kwa sababu ulisema anatembea kama mtu aliyechaguliwa. Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na bwana mmoja, na hukuwa wewe. Jioni nikikamua, ulisimama na tawi la majani ukimpepea yeye. Mbung'o walitoka mgongoni kwake wakatua mgongoni kwangu. Nikakuambia, "Baba Shani, wananimaliza huku." Ukajibu bila kugeuka, "Wewe si una mikono?" Nami nikacheka. Mwanamke akipenda hucheka mambo ya kijinga mno.

Watu wa mifugo walikuja kututundikia mitego, vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, wakaeleza kwamba mbung'o huvutwa na rangi hizo. Walieleza polepole, hata Shani aliyekuwa bado mdogo alielewa. Wiki haikuisha, ukaenda ukakata kipande cha bluu. Ukakifua kwa sabuni mpaka dawa yote ikatoka, ukamfunga Diwani shingoni apendeze. Ulimvisha dume wako mtego wa inzi, halafu ukawa unauliza kwa nini inzi wanamfuata. Nimewahi kukutana na wajinga wengi, Baba Shani, lakini wengine walau hawakufua.

Bwana mifugo aliporudi na sindano alisema aletewe ng'ombe wote, wanono na waliokonda. Ulimpelekea waliokonda. Diwani na majike yako mazuri ulikuwa umeshawaswaga alfajiri mpaka nyuma ya kilima. "Hawa siwaonyeshi wageni," uliniambia, "watu wana macho mabaya." Yule kijana akatazama zizi, akatazama kinyesi kibichi kilichojaa pale, akauliza, "Hawa tu ndio wote, mzee?" Ukasema ndio wote. "Na hiki kinyesi?" Ukasema ni cha ng'ombe wa jirani. Jirani gani, Baba Shani? Tulikuwa tunakaa porini peke yetu na nyani.

Alikuonya kabla hajaondoka. Alisema ng'ombe anaweza kunenepa na bado akawa amebeba vimelea vya malale, ule ugonjwa wa usingizi, kwenye damu. Ukamkatiza mtoto wa watu kwa sauti ile ya kikao. "Malale ni ya wanyama wa porini, kijana. Ni ya ngiri na pongo, na ya wanaowala. Ng'ombe wangu unawaona? Wanang'aa." Wakati huohuo ng'ombe wako walikuwa wanalala juu ya mavi ya hao ngiri unaowasema.

Kisha mimi nikaugua. Kichwa, homa, nikanywa dawa za malaria zikaisha, homa ikarudi. Halafu usingizi. Usiku nilikaa macho makavu, mchana nikalala mkono ukiwa ndani ya unga. Nilianza kukasirika ovyo, nikalia bila sababu, nikamsahau jina jirani yangu wa Mtinko niliyekua naye. Mtu mwenye akili angeuliza. Wewe ulinimwagia maji usoni mbele ya wachungaji wako, ukacheka.

Siku uliyonirudisha kwetu ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko harusi yetu. Ulinipakia kwenye pikipiki, na kwa kuwa nilikuwa nasinzia, ulichukua kitenge changu ukanifunga kiunoni mwako nisidondoke barabarani. Ulikaza fundo, ukalijaribu, ukaona liko sawa. Mikono yako ilijua kwamba mimi ni mgonjwa. Kichwa chako ndicho kilichokataa, kwa sababu kukubali kungekulazimu umtazame dume wako kwa jicho lingine.

Ulimkuta baba uani. "Shikamoo baba." "Marahaba, karibu." Hukukaa hata kwenye kigoda. Ulisema, "Baba, mimi nimeshindwa. Nilidhani nimeoa mke, kumbe nimepewa gunia la mashudu. Linakaa pale unapoliweka." Uliyasema hayo mbele ya mama yangu. Baba akasema, "Huyu nimemlea mimi. Alikuwa anaamka kabla yangu. Kuna kitu kimempata huko kwako." Ukajibu kwamba ng'ombe wako peke yao na jua linakwenda, ukawasha pikipiki ukaondoka. Uji uliokuwa umewekewa ukanywewa na baba.

Kesho yake baba alinipeleka hospitali ya mjini. Walinitoa damu, baadaye wakanitoa maji ya mgongo, na daktari mama mmoja akaja kukaa kitandani kwangu akauliza tunaishi wapi na tunafuga nini. Nilimwambia tunafuga ng'ombe, lakini ni wazima, wanono, wanang'aa. Nilikuwa bado nasema maneno yako, unaona? Akatikisa kichwa. "Mama, aliyekonda mngemtibu au angekufa. Huyo mnono ndiye anayekaa na vimelea miaka na miaka bila kuumwa. Mbung'o anakunywa damu yake, halafu anakuja kwako. Wanyama wa porini wanafanya hivyohivyo, ila wao hamkai nao uani." Dawa ilikuwa kali. Kuna siku nilimwomba Mungu anichukue. Nilipona, ila mkono wa kushoto bado unatetemeka nikibeba kitu kizito. Shani anasoma hapa, hajambo, na sitaki umuulizie.

Daktari alitaka wote wa nyumbani kwako wapimwe na ng'ombe wote watibiwe. Nilikupigia simu nikiwa wodini, sauti yenyewe haitoki. Sikuomba pole. Nilikupa ujumbe wa daktari neno kwa neno. Ukasema, "Unawasingizia ng'ombe wangu." Ukakata simu. Nilikuwa bado nimeishika sikioni, mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza kama nimepata msiba.

Watu hapa huniuliza kama nakuchukia. Hapana. Nakudharau. Kama ungekuwa hukusoma wala hukuambiwa, ningekusamehe, maana wengi tulikuwa hatujui. Lakini wewe uliambiwa na kijana wa mifugo, ukaambiwa na daktari kupitia mdomo wangu, na ukaona kwa macho yako mke wako akisinzia na kijiko mdomoni. Ukaenda ukaoa mwingine, ukamweka kwenye kigoda kilekile cha kukamulia, kando ya dume yuleyule, ashike chuchu za majike walewale. Sasa naye anasinzia, na wewe unashangaa bahati yako.

Rehema simjui sana. Halima ananiambia ni mcheshi, na kwamba alipofika aliimba mpaka wachungaji wakapenda kukaa karibu na jiko. Sasa haimbi. Ugonjwa huu ukiachwa unaua, Baba Shani, na haungoji mavuno. Ukimrudisha kwao kama ulivyonirudisha mimi, huenda wasiwe na baba kama wangu. Watamwita mvivu pamoja na wewe, watamchapa aamke, au watamtafutia mchawi. Kisha watamzika.

Hapo ndipo ningetakiwa kukuomba kwa jina la Mungu na kwa utu wako. Lakini nimeishi na wewe. Najua ukiambiwa Rehema atakufa, utauliza ni nani sasa atakayekamua. Kwa hiyo sikuombi kwa ajili yake. Nakueleza kwa lugha unayoielewa.

Daktari alisema mbung'o hachagui. Akimng'ata mtu mwenye vimelea, anaweza kuvipeleka kwa ng'ombe pia, na si kila ng'ombe atavivumilia. Kila jioni Rehema anakaa karibu na Diwani. Kila siku anayokaa hapo bila dawa, dume wako yuko hatarini. Shingo ile inaweza kunywea. Manyoya yanaweza kusimama. Anaweza kuanza kubaki nyuma ya kundi, akitembea kama diwani aliyeshindwa uchaguzi.

Sasa umesimama. Nakujua, umesimama na unatafuta viatu.

Mpeleke Rehema hospitali ya mjini leo, uwaambie anakaa porini na ng'ombe na wampime malale. Ukirudi, mwite bwana mifugo na umtoe Diwani nyuma ya kilima. Baada ya hapo mimi na wewe tumemalizana, na barua nyingine kutoka kwangu hutaiona.

Fanya yote hayo kwa ajili ya ng'ombe. Rehema atapona hivyohivyo.

Mama Shani