Nusu ya Kidonge Chako, Mama

Iguguno, Singida

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba Mungu barua hii ikukute una nguvu za kuisoma mwenyewe, na mvua za huko Mbinga ziwe hazijaiharibu kahawa mliyoanika. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo mbovu, na utaona kwa nini.

Najua telegramu niliyoipeleka kutoka posta ya Singida mjini ilikutisha. "Usimpe Eda vidonge vyako vya presha." Telegramu haina nafasi ya shikamoo, unisamehe. Katika barua yako uliniandikia kwamba mdogo wangu akimeza dawa yake ya pumu mikono inamtetemeka na moyo unamwenda mbio, basi wewe kwa huruma unamkatia nusu ya kidonge chako kile cha waridi, naye anatulia. Mama, huko siko kutulia. Kama bado unampa, acha leo hii, kabla hujafungua ukurasa wa pili.

Sikugombezi. Kwetu nani anakula peke yake? Chumvi tunagawana, kaa la moto tunagawana, na dawa vilevile, asiyegawa anaitwa mchoyo. Hata huku kwa Wanyiramba ni hivyo hivyo. Mtu akipona, vidonge vilivyobaki ni vya jirani.

Lakini nisikilize. Sista aliyetufundisha unesi alisema mtu akishtuka, mwili unamwaga kitu ndani ya damu, na kitu hicho kinapita kinabisha milango. Wataalamu wanaiita vipokezi, sisi tuseme milango. Kikibisha kwenye moyo, moyo unakimbia. Kikibisha kwenye mapafu, njia za hewa zinapanuka ili mtu apate pumzi. Dawa ya Eda inakwenda kubisha kwenye mapafu, ila inagusagusa na ya moyo, ndiyo maana anatetemeka. Kidonge chako kazi yake ni kuziba. Kinaziba milango ya moyo, moyo unapunguza mbio, presha inashuka, na kwako ni dawa nzuri. Tatizo hakichagui, mama. Kinaziba na ya mapafu. Wewe kifua chako ni kizima, huoni neno. Mwenye pumu njia zake zinabana, na dawa yake ikija kubisha inakuta pamezibwa.

Haya nayajua tangu chuoni. Sasa sikia nilichofanya nayo.

Unajua kwamba tangu tupunguzwe kazi hospitalini nauza katika duka la dawa hapa barabarani. Siku hizi biashara ni huria, kila mwenye mtaji anafungua. Mwenye duka letu mwaka juzi tu alikuwa akiuza khanga na mafuta ya taa mjini. Dawa anazijua kwa rangi. Zinakuja kwenye makopo makubwa, tunahesabu kwa vidole, vidole vile vile vilivyotoka kushika noti, tunafunga kwenye kipande cha gazeti. Hakuna jina wala maelezo. Kidonge chako amekibatiza "kitulizo cha moyo". Wananunua mwanafunzi wa mtihani, bwana harusi, mwenye kesi ya shamba. Vidonge vingine vya pumu, efedrini, anawauzia madereva wa malori ya vitunguu wasisinzie. Dereva anameza, macho yanamtoka, moyo unamwenda mbio, akirudi anauziwa kitulizo. Tunamchapa kwa mkono huu na kumzuia kwa mkono ule. Nilipomwambia mwenye duka kwamba si sawa, alicheka.

"Skola, hapa siyo hospitali. Mtu akija kununua chumvi, unamuuliza anaumwa nini?"

Nilihitaji kazi, nikaendelea kuhesabu vidonge.

Basi siku ya mnada akaja Mzee Gunda, mkulima wa alizeti wa vijiji vya huku juu. Huku wote wananiita daktari, maana nimevaa koti jeupe. Akasema mke wake moyo unamdunda. Watu walikuwa wengi, mwenye duka amenikodolea macho. Nikahesabu vidonge, nikafunga, nikapokea hela. Sikumuuliza neno hata moja.

Kesho yake asubuhi niliona mkokoteni wa ng'ombe ukipita kwenda zahanati, na Mzee Gunda anakimbia pembeni. Nikaacha duka wazi nikamfuata. Mke wake alikuwa amekaa ameinama mbele, ameshika ukingo wa kitanda, midomo imekuwa ya bluu. Tabibu akampiga sindano ya adrenalini, ambayo ndiyo kile kitu chenyewe cha kubisha milango. Ilitakiwa afunguke. Hakufunguka. Akapiga ya pili. Kifua hata kukoroma kikaacha, maana hewa haikupita tena, na hapo mwenye akili anajua mambo yameharibika. Ndipo Mzee Gunda akatoa mfukoni kile kipande cha gazeti. "Labda ni hiki alichomeza. Alitupatia daktari wetu huyu." Tabibu aliangalia vidonge, akaniangalia mimi. Akamtundikia dripu ya dawa nyingine, inayopanua njia za hewa bila kupita kwenye milango hiyo, nami nikashika chupa kwa mikono yangu mpaka mchana. Jua lilipogeuka, yule mama akaomba maji.

Amepona. Lakini ngoja. Baada ya siku chache Mzee Gunda alikuja dukani na kuku mkubwa, tetea, amemfunga miguu. Kanipa kwa mikono miwili, kama wafanyavyo huku wakishukuru. "Daktari, wewe uliacha kazi yako ukaja kutushikia chupa." Mwenye duka akasema tumchinje siku hiyo hiyo. Nilijiona mchafu kuliko lile kopo la vidonge.

Nikamwambia Mzee Gunda kweli yote. Akasema polepole, "Mbona hukuniuliza? Pumu anayo tangu ujana. Ungeuliza ningekwambia." Akaondoka, na kuku akamwacha. Bado yuko hapa uani, nampa mtama, kumla siwezi.

Siku hiyo hiyo jioni ndipo niliposoma barua yako. Uliandika, "namkatia Eda kitulizo." Neno hilo umelitoa wapi, mama? Kwangu. Mimi ndiye niliyekuandikia wakati wa Krismasi kwa majivuno ya muuza duka kwamba dawa yako huku tunaiita kitulizo cha moyo na kila mtu anaipenda. Nimelitoa kwa mfanyabiashara wa khanga nikalipeleka nyumbani kwetu.

Sasa nauliza kila mteja kama ana pumu. Foleni inakuwa ndefu na mwenye duka amesema nisivuke mwezi huu hapa kazini. Sawa.

Wewe mwenyewe usiogope ukaviacha vidonge vyako ghafla. Milango iliyozibwa siku nyingi ikizibuliwa kwa mara moja, moyo unaweza kukupiga vibaya. Meza kama ulivyoandikiwa, kimoja kizima, usimkatie mtu, na kabla havijakwisha nenda hospitali ya misheni. Eda apelekwe huko huko, mumwambie daktari habari ya kutetemeka, watampunguzia dawa.

Nisalimie bibi, mwambie nitamletea mafuta ya kuchua miguu. Msalimie kaka mkubwa na mke wake, na baba mdogo, fundi cherehani, ambaye najua ndiye atakayeisikiliza barua hii mlangoni.

Eda simpelekei salamu. Namtaka aniandikie mstari mmoja, kwa mkono wake mwenyewe, aniambie jana usiku kifua kilimruhusu alale chini au alilala amekaa.

Mwanao,
Skola