Baba, Nimeifuata Marahaba Yako

Baba,

Barua hii haianzi na shikamoo. Najua ulinifundisha kwamba kumwandikia mkubwa bila shikamoo ni kuingia ndani bila kupiga hodi. Lakini nikiiandika hapa juu nitaanza kungoja jibu, na nikianza kungoja sitaandika kitu kingine chochote. Niache nikueleze kwanza.

Nimerudi jana kutoka kule kwako Ujerumani, kwenye ule mji mdogo uliosomea. Nilikwenda peke yangu. Tiketi ulizonunua mwenyewe kabla ya Krismasi, yako na yangu, zilikuwa bado kwenye droo ya vijiko. Ulisema nikimaliza shule tu tunaondoka, wewe na mimi, wiki moja, unionyeshe njia ya msituni uliyokuwa ukiipita kila Jumapili ulipokuwa kijana, mpaka kwenye lile benchi. Kisha mwezi wa pili ukaanguka kazini, kule ghalani Garland. Wenzako walikuja kutuambia wakiwa bado wamevaa glavu.

Baba Mdogo alikuja kutoka Houston, na yeye na Mama wakakupeleka kuzikwa kwenu Lushoto. Mimi niliachwa kwa Mama Furaha, Mkongo, jirani yetu wa ghorofa ya chini, kwa sababu ya mitihani. Kila mtu alisema wewe mwenyewe ungetaka nimalize. Labda. Lakini ndiyo maana mimi sina kaburi, Baba. Nina picha ya udongo na maua ya plastiki.

Nilichokuwa nacho ni ile mashine ya simu. Sauti yako ilikuwa mle ndani: "Hatupo. Acha ujumbe. Kama wewe ni mkubwa wangu, shikamoo. Kama ni mdogo wangu, marahaba." Na marahaba uliisema kama ulivyoisema siku zote, unaivuta halafu unaipandisha mwishoni, kama swali. Mama alikuwa anakucheka: "Unamjibu mtoto au unamuuliza?" Nawe unamwambia, "Namuuliza kama amelala vizuri."

Baada ya msiba, saa ya chakula shuleni nilikuwa natoka kwenda kwenye simu ya ukutani na kupiga nyumbani, nikijua hakuna mtu. Nangoja ufike kwenye "mdogo wangu", nanong'ona shikamoo haraka, nawe unajibu. Nakata kabla ya mlio. Wenzangu walidhani nina mpenzi.

Mwezi wa nne ikaja dhoruba, ya zile za kupigiwa ving'ora. Umeme ukakatika apatimenti zote. Uliporudi, taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawakawaka, na nilipopiga sauti yako ilikuwa imefutika, alijibu mwanamke aliyerekodiwa kiwandani, Kiingereza safi, asiye na wakubwa wala wadogo. Mama alisema, "Ni mashine tu, mwanangu." Kisha akaingia bafuni, akafungua maji, akakaa humo mpaka nikamgongea.

Sijui kama unaelewa kilichonipata hapo. Maneno yako yote ninayo. Sauti ndiyo iliyoanza kuondoka. Nilikuwa nalala chali najaribu kukusikia, na nikikukumbuka unaongea, unaongea kwa sauti yangu mimi. Kila siku kidogo zaidi. Ilikuwa kama kukuona unakufa tena, polepole, na safari hii nipo, naangalia, na siwezi kufanya kitu. Nikajiambia kama sauti yako imebaki popote duniani, imebaki kwa Bibi Hilde, yule mjane uliyepanga chumba kwake, ambaye kila Krismasi ulimpigia simu na kupiga kelele kwa sababu hasikii vizuri. Huenda ana kanda. Huenda mlirekodi kitu, siku ya kuzaliwa, wimbo, chochote.

Mama hakutaka. "Msitu gani? Wewe hata paka wa jirani unamwogopa." Mama Furaha ndiye aliyecheka mpaka akashika mlango. "Unapanda ndege kwenda kutembea na miguu? Siye na batoto tulitembea na miguu kutoka Uvira, na hakuna mutu alituuzia tiketi." Kisha akaacha kucheka. Akaingia ndani, akatoka na sweta yake ya kahawia. "Ku mulima kuna baridi. Usiivue."

Unakumbuka tulivyofanya mazoezi, Baba? Hapa kwetu hakuna kilima. Jumamosi asubuhi ulinipeleka mji wa jirani, Richardson, kwenye jengo la pakingi la zile ofisi kubwa, likiwa tupu, tukapanda kwa miguu ile njia ya magari inayozunguka mpaka juu kabisa. Tukashuka, tukapanda tena. Mlinzi akatuuliza kama tumepoteza gari. Ukamwambia kwa adabu zako zote, "Hapana bwana, tunatafuta mlima." Nilitaka sakafu inimeze. Sasa kila tukipita pale na basi nalitazama lile jengo kama watu wanavyotazama makaburi.

Ndani ya ndege kiti chako kilikuwa kitupu. Bwana mmoja akaja kuuliza kama anaweza kuhamia hapo. Mimi, nisiyeweza hata kumwambia dereva wa basi kwamba nashuka, nikamjibu, "Kuna mtu." Akakiangalia kiti, akaniangalia mimi, akarudi alikotoka.

Mji wako una kimya ambacho sijawahi kukisikia. Nilipotoka kituoni nilisikia viatu vyangu mwenyewe, nikaona aibu, nikaanza kukanyaga taratibu. Bibi Hilde amekuwa mdogo, ananifika begani. Alinishika mashavu kwa mikono miwili akataja jina lako, nikatega sikio, nikidhani labda kwenye kulitaja kutakuwa na kitu chako. Hapana. Alilitaja kama wao wanavyolitaja. Hajui Kiingereza, nami sijui Kijerumani. Nikamwonyesha sikio langu, kisha mdomo wangu, kisha picha yako, ili aelewe kwamba natafuta kanda. Akafikiri naumwa jino. Akaniletea karafuu. Baada ya hapo alinifungulia kabati, droo, masanduku, lolote nililolinyooshea kidole. Kulikuwa na picha zako umevaa koti refu, mwembamba sana. Kanda haikuwepo. Hakuwahi hata kuwa na kitu cha kurekodia.

Siku iliyofuata nikaenda njiani. Vibao bado ni vya manjano na bado vinataja saa badala ya umbali, kama ulivyosema. Unapita mashamba, unavuka daraja la mbao, halafu msitu unakufunika na harufu inakuwa ya majani mabichi. Kila unayekutana naye anasalimia, hata asiyekujua. Ulisema ndiyo sababu ulipapenda, kwamba ulifika pale ukiwa na hofu na ukakuta watu wanasalimiana porini kama Lushoto. Mimi niliinamisha kichwa tu. Lakini pale njia inapokuwa nyembamba nikakutana ana kwa ana na mzee mwenye fimbo mbili, na mdomo wangu ukatoa wenyewe: "Shikamoo."

Alivua kofia, akasema salamu yao, akapita.

Nilisimama nikingoja, Baba. Kweli nilisimama nikingoja, mpaka alipopotea kwenye kona.

Benchi lipo. Miti ndiyo imekua. Pale uliposema unaona mapaa yote mekundu na mnara wa kanisa na mto unavyojikunja, sasa ni misonobari mitupu, imeshikamana kama ukuta. Niliinuka, nikapanda juu ya benchi na viatu, nikasimama kwa vidole. Ukuta ule ule. Miaka yote ile ulikuwa unanisimulia mahali ambapo miti ilikuwa inapameza huku ukisimulia.

Nikakaa upande mmoja, nikakuachia nafasi. Nikasema shikamoo taratibu. Nikasema tena. Halafu nikapiga kelele, mimi ambaye siku ya kupokea cheti sikuweza kuinua uso kwa sababu Mama na Mama Furaha walikuwa wanapiga vigelegele. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Ndege mmoja akaruka, na tawi likabaki linatikisika, na hilo ndilo lililokuwa jibu langu.

Pale ndipo nilipojua kwamba umekufa. Watu watasema ulikufa mwezi wa pili. Lakini mpaka pale kwenye benchi nilikuwa bado nimekuweka mahali. Lushoto, kwenye mashine, Ujerumani, mahali fulani ambako mtu akifika atakukuta. Na sasa nilikuwa nimefika, na hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mvua ikaanza. Sikuinuka. Nilifikiri, nikishuka sitakusikia, na nikikaa sitakusikia, basi kushuka kwa nini. Sikuwa nalia tena. Nilikuwa nimechoka na kuwa mtu. Nakuambia hivi kwa sababu siwezi kumwambia Mama.

Kilichoniinua ni sweta. Ilikuwa imelowa, imekuwa nzito, mikono imenyooka inafunika vidole vyangu, na nikakumbuka kwamba si yangu. Lazima nimrudishie mwenyewe. Hiyo tu. Nikashuka.

Bibi Hilde alikuwa getini na mwavuli, amekasirika. Alinigombeza kutoka mbali, Kijerumani chote alichonacho, akinionyesha saa, akinionyesha mawingu, akinionyesha viatu vyangu. Nami nilikuwa natetemeka, na nikafanya kile nilichokifanya maisha yangu yote nikichelewa na kumkuta mtu mzima mlangoni. Nikakunja mikono, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo."

Akanyamaza katikati ya neno. Akaweka kiganja sikioni. Nikarudia, kwa nguvu zaidi.

"Marahabaa?"

Akaivuta, Baba. Akaivuta, na mwishoni akaipandisha, na akabaki amenyanyua nyusi kama mtu anayetaka kujua umelala vizuri.

Haikuwa sauti yako. Ilikuwa sauti ya bibi kizee, kavu, ya meno ya bandia. Lakini njia ilikuwa yako. Ilipanda palepale unapopandia wewe. Nikaelewa kwamba ulimfundisha kwenye geti lile lile, ukiwa kijana mwembamba mwenye koti refu usiye na wa kumwamkia, na yeye hakujua kwamba mkia ule ni wa kwako. Alidhani ndivyo neno lilivyo. Akalihifadhi hivyo hivyo, zima, tangu kabla sijazaliwa.

Nililia pale getini mpaka akatupa mwavuli.

Halafu nikawa na tamaa. Najua shikamoo ni mara moja kwa siku. Nilimwamkia wakati wa supu. Nilimwamkia kwenye ngazi. Nilimwamkia nikiwa na mswaki mdomoni, mpaka akanifukuza na kijiko huku anacheka. Asubuhi nikaanza tena. Na siku ya mwisho nikasikia kitu kilichonitisha: alikuwa amechoka, akaijibu kwa ufupi. "Marahaba." Tambarare, kama ya mtu yeyote. Nikaacha hapo hapo. Niliogopa kuimaliza.

Kwenye ndege nilijifungia chooni nikaijaribu. Mara ya kwanza ilivunjika. Mara ya pili ilikuwa ya Bibi Hilde. Mtu akagonga mlango.

Mama alinipokea uwanjani na sare yake ya kazini, ameunganisha shifti mbili ili apate kuja, harufu ya dawa za wale wazee anaowahudumia iko kwenye nywele. Sikumwambia kitu. Niliogopa ataniomba niiseme, nami nitaikosea, na basi itakuwa imetupotea sote wawili. Akaniuliza, "Kulikuwaje?" Nikasema, "Kulinyesha."

Tulipofika nikagonga kwanza kwa Mama Furaha nirudishe sweta. Mlango ulifunguliwa na Riziki, kitinda mimba wake, mdomo umejaa mkate. "Shikamoo, dada." Unajua mimi huwa nacheka tu, namwambia, "Mambo." Nimeona daima shikamoo ni ya watu wengine kuipokea. Lakini niliichukua. Sikufikiri. Nikasema, "Marahabaa?"

Riziki akanitazama. "Ndiyo," akajibu.

Nyuma yangu nikasikia begi limewekwa chini. Mama alikuwa kwenye ngazi. "Wewe," akasema. "Unamjibu mtoto au una..." Hakumaliza. Alikaa palepale kwenye ngazi na sare yake, na akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku ile ya glavu. Nikakaa karibu naye. Riziki akatupa kila mmoja kipande cha mkate wake.

Sitakudanganya. Sauti yako bado siisikii. Jana nililala najaribu, na ilikuwa kimya kama mji wako, na leo asubuhi ilikuwa vigumu kuweka mguu chini. Sijui itakuwa hivi mpaka lini. Lakini Mama ameniuliza leo, akiwa ananipa mgongo, anaosha vikombe, kama ninaweza kumwondoa yule mwanamke wa kwenye mashine na kuweka maneno yako. Nimesema nitaweza. Nitarekodi mpaka ipande pale inapopaswa kupanda.

Na nakuahidi hili, kwa kuwa ndilo peke yake ninalolimudu: mtoto yeyote atakayeniamkia, hapa mtaani kwetu Vickery Meadow au popote nitakapokuwa, nitamjibu kwa njia yako, hata nikiona haya, hata akidhani namuuliza. Sitaificha masikioni mwangu. Na nitakuja Lushoto. Nitapanda kwa miguu, na sweta.

Pumzika sasa, Baba yangu. Mengine yote nimeshasema. Limebaki lile la mwanzo.

Shikamoo.