Muhtasari wa Mkutano Ambao Haukufanyika

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi ninayelala naye chumba kimoja, na nisipolitanguliza najua nitaishia kukuuliza hali ya hewa ya huko. Mkutano wa wananchi kuhusu tuta la mto haukufanyika. Muhtasari ulio kwenye ombi letu niliutunga mimi.

Karani wa mtaa alinifuata maktaba ya shule siku ya Ijumaa. Alisema fomu za mfuko wa tabianchi zinatakiwa wilayani Jumatatu na hakuna muda wa kuita watu.

"Wewe ndiye msomi wetu," akasema. "Andika kama ambavyo wangesema. Wangesema nini kingine? Maji yanaingia ndani, wanataka tuta."

Fomu ilidai maneno ya wanawake watatu. Niliyatunga yote, na ya mwisho nikampa Bibi. Karani akaambatisha orodha ya mahudhurio ya mkutano wa chanjo. Nilipomaliza nilijiona hodari, Mama, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Najua maombi ya nchi nzima hupita mezani pako. Ningekupigia, lakini simu ya Bibi inasikika mpaka kwa fundi cherehani, nami mdomo wangu ni mzito. Bibi hajambo, ila magoti. Anakusalimu. Anasema umekonda kwenye picha.

Binti yako

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mwambie Bibi sijakonda, ni picha ya kitambulisho tu, na pale kila mtu hutoka kama mfungwa.

Barua yako niliisoma ofisini nikiwa nimefunga mlango. Ombi lenu lilikuwa juu ya rundo. Wiki jana mkurugenzi aliwasomea wenzake maneno ya Bibi: "Mto huu niliutazama nikiwa mtoto, sasa wenyewe unanitazama nikiwa mzee." Mimi nilitoka kwenda kunawa uso. Nilijiuliza tu tangu lini mama yangu anasema kama kitabu.

Leo nimelitoa faili lenu. Nisikilize kwanza. Fedha hizi zinatoka nje, na wanaozitoa hutuma wakaguzi wanaowapigia simu watu walioorodheshwa. Ombi moja likigundulika ni la kutunga, mlango unafungwa kwa nchi nzima, si kwa mtaa wenu peke yake. Iteni mkutano wa kweli. Muhtasari ukinifikia kabla ya kikao cha tarehe 28, nitalirudisha faili kwa mkono wangu. Mvua kubwa ni Aprili, na tuta la udongo ni kazi ya wiki tano, hata chini ya hapo wakijituma. Tukikazana tutawahi.

Hukukosea kuniambia.

Mama yako

23 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, nawe natumaini hujambo na kazi zako.

Mkutano umefanyika, leo, uwanja wa shule. Karani amenuna, anasema nimemvua nguo hadharani. Saa nne ilipofika tulikuwa watu sita na mbwa mmoja. Bibi akaenda kusimama barabarani na fimbo yake, akaanza kuwaita watu kwa majina ya utani waliyopewa utotoni. Hakuna aliyetaka aendelee. Walikuja mia moja na wanne.

Zamu yake ilipofika nilitayarisha kalamu. Akasema: "Mimi maneno sina. Magoti yangu mnayaona. Jengeni kabla maji hayajaja, au mseme nani atanibeba."

Fundi cherehani akauliza, "Nani akuweze wewe, bibi?"

"Wewe. Siku nzima umekaa, nguvu zote umezitunza."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nimeandika yote kama yalivyosemwa, hata kicheko. Si mazuri kama yale niliyotunga, lakini ni yake. Muhtasari unaondoka na basi la kesho.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Hamjambo? Bibi na magoti?

Muhtasari ulifika tarehe 26, nami nililirudisha faili kama nilivyoahidi. Lakini tarehe 28 kamati haikukaa. Mjumbe wa hazina alikuwa safarini, na bila yeye akidi haitimii. Tulikaa kwenye ile meza ndefu kuanzia asubuhi, chupa za maji zimepangwa, kiti chake kitupu. Saa tisa mkurugenzi akafunga kitabu chake. Awamu imeisha. Nyingine ni Septemba.

Kikao cha kabla kilikuwa tarehe 14, siku mbili baada ya mimi kulitoa faili lenu. Kilipitisha maombi manne, na huko kazi imeshaanza.

Nimeiandikia wilaya iwape angalau mifuko ya mchanga. Mhamishie Bibi kitanda chumba cha nyuma, sakafu yake iko juu kidogo. Nijibu upesi.

Mama yako

9 Aprili

Mama,

Simu hazishiki na daraja limekatika. Barua hii nampa mtu wa boti ya uokoaji.

Mto ulipasua ukingo jana saa tano asubuhi. Nilikuwa kwenye mtihani wa jiografia. Mwalimu alitukataza kutoka, nami nikatoka, lakini barabara ilikuwa imeshakuwa mto. Fundi cherehani alifika mlangoni kwetu maji yakiwa kifuani mwake. Bibi alikuwa chumba cha nyuma. Mlango ule hufungukia nje, na maji yalikuwa yameukandamiza. Alipouvunja alikuwa amechelewa.

Tutamzika leo alasiri. Wanasema hatuwezi kukungoja. Nimewaomba wakungoje na wamesema hawawezi.

Binti yako

2 Mei

Mwanangu,

Nilipokuja tulikaa siku tatu chumba kimoja na hukunisemesha. Sikulaumu. Nami sikuwa na la kusema mbele ya kile kitanda, kwa hiyo naandika.

Katika yale maombi manne yaliyopitishwa, mawili yana mihtasari ya kutunga. Nimeisoma miaka mingi, naijua: watu hamsini wanasema sentensi moja na hakuna anayebisha. Sikuyatoa. Sikuwa na ushahidi, na hakuna binti aliyeniandikia. Lenu nililitoa kwa sababu nililijua. Matuta yao yamesimama, na watu wao wamelala makwao.

Kuhusu kitanda pia, ni mimi niliyesema chumba cha nyuma.

Njoo uishi nami. Shule ipo karibu na ofisi. Kama hutaki, niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako

20 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi nimepona homa. Nawe unalala?

Nilijaribu kukukasirikia, ikanishinda. Kila siku nahesabu: tarehe 14 Februari, ongeza wiki tano. Inaangukia 21 Machi. Nikianza upya inaangukia hapo hapo. Najua kukuambia ukweli hakukuwa kosa, na kujua huko hakunisaidii kitu. Kuja kwako nitakuja, lakini baada ya mitihani.

Juzi karani alikuja na fomu za Septemba. Muhtasari usizidi miezi sita, na wa Februari utapitwa kwa siku chache. Akasema nibadilishe tarehe tu, iwe Mei, mahudhurio yabaki yale yale. Aliniwekea orodha mezani. Jina la kwanza ni la Bibi.

Sikubishana naye. Nilichukua fomu nikaenda shuleni, kwenye madarasa wanakolala waliopoteza nyumba, nikapita godoro kwa godoro nikiuliza siku inayowafaa. Wengi walisema Jumamosi, saa tatu. Niliandika tangazo nikalibandika kwenye mlango wa ofisi ya karani. Leo walikuja watu thelathini na mmoja. Niliandika majina thelathini na moja.

Binti yako