Komeo Ulilolishusha Polepole

Kitale,
Jumatano asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sauti ninayoamka nayo siku hizi ni ya komeo la geti letu, vile ulivyolishusha polepole ukiondoka. Ulijizoesha hivyo tangu Sumeya aanze matibabu ya saratani, ili usimkatize usingizi. Siku ile hakukuwa na mtoto ndani. Alikuwa amelazwa hospitalini. Nilikuwa nimekufokea mbele ya mume wangu Aziz na majirani, na bado ulilishusha polepole.

U hali gani, Mama? Magoti yamekupa nafuu? Nimekupigia simu mara mbili, na kila uliposema haloo nilikata. Ndiyo maana naandika.

Sumeya bado yuko wodini, leo siku ya sita. Homa inashuka, inapanda. Daktari anasema maambukizi yameingia kwenye damu wakati mwili hauna kinga, na hawezi kuniahidi lolote. Uji anameza vijiko viwili, kisha anageukia ukuta. Jana aliuliza nyanya amemkasirikia nani.

Unakumbuka darasa la wazazi, kabla hatujaruhusiwa kuja naye nyumbani mara ya kwanza? Nilikusimulia jinsi muuguzi Sally alivyomnawisha Kimaiyo, mkulima wa Kachibora, mara tatu, akimwambia ati mikono yake bado iko shambani, naye akajibu kwamba mahindi hayajawahi kulalamika. Tulicheka sana. Lakini kwa homa Sally hakutaka mchezo. Ikifika thelathini na nane, usimpe mtoto dawa ya kuituliza, usingoje, mlete. Dawa itashusha namba, alisema, haitashusha ugonjwa. Nami nikaja kukufundisha hayo kwa sauti ya mwalimu, hata nikabandika karatasi ukutani.

Siku ya Idd uliwafungulia geti jirani yetu Mama Zahid na wenzake waliokuja kumjulia hali mtoto. Nilikuwa nimekataza wageni. Mama Zahid alisema tangu lini mkono wa Idd ukawa sumu, si wamenawa, nawe ukaona haya kuwarudisha watu waliobeba sinia la pilau. Jioni Sumeya akaanza kutetemeka. Kesho yake, niliporudi kutoka hospitalini kuchukua nguo, nilikwambia umemuua mwanangu. Nikamfungulia Aziz daftari la homa ili aone kwa macho yake: asubuhi, kabla ya wageni, thelathini na saba nukta moja. Hukujitetea. Uliniuliza tu kama Sumeya amekula.

Mama, asubuhi ile homa ilikuwepo.

Ulikuwa umeenda kwenye swala. Nilimpima, kipimajoto kikasoma thelathini na nane nukta tatu. Alikuwa ameshavaa lile gauni la kijani, na viatu pia. Aliniangalia usoni akajua. Alinishika mkono akasema si leo, mama, kesho nitaenda hospitali na sitalia. Nikampa panadol. Nikangoja, nikampima tena, nikaandika ile namba ya pili. Na daktari alipouliza homa ilianza lini, nikasema jioni. Zilipita saa kumi nzima, Mama. Nilizipoteza mimi niliyebandika karatasi ukutani.

Sijui kama saa hizo zingebadilisha kitu. Daktari naye hasemi. Ninachojua, na kinaniogopesha kuliko homa yenyewe, ni kwamba akinililia tena vile naweza kurudia. Wewe alipolilia miwa ya barabarani ulikataa, ukambeba akikupiga mabegani mpaka usingizi ukamchukua. Mimi nilikuwa jikoni, nimeziba masikio.

Jana nilimwambia daktari ukweli, kisha Aziz. Aziz alitoka nje, na mpaka sasa hajanitazama usoni. Ndiye anayekuletea barua hii. Kwa Mama Zahid nilienda alfajiri. Alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani.

Wasalimie wote hapo Bungoma, hasa mjomba Adow, ambaye najua hataki kusikia jina langu. Mwambie anayo haki. Mwombeeni Sumeya.

La mwisho. Sally alinipa fomu ya siku mtoto atakapotoka, kama atatoka. Kwenye nafasi ya mlezi nyumbani nimekata jina langu, nikaandika lako, na mahali pa kukaa nimeandika kwako Bungoma. Aziz amekubali. Wewe sikukuuliza, ningekuuliza kwa uso gani? Sally anakungoja kesho akufundishe yeye mwenyewe, na utakuja na Aziz ukiweza kunivumilia. Fomu nimeshatia sahihi. Kipimajoto kimo humu ndani ya bahasha, nimekiviringisha kwenye leso yako uliyoiacha kwenye kamba.

Mwanao,
Khairunisa